Kigoma na Tabora: nini ununue wapi, na lini

Ukimuuliza mtu wa Kigoma na mtu wa Tabora mji upi una maisha ghali, kila mmoja atautaja wa kwake, na wote watakuwa na hoja. Huku magharibi bei hupangwa na swali moja: bidhaa imetokea upande gani wa reli? Ya kiwandani inapakiwa Dar es Salaam, inapita Dodoma, inapita Tabora, na kufika Kigoma ikiwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,200. Kila mkono ulioigusa njiani umekata chake. Ya ziwani na ya milimani inakwenda kinyume: Kigoma ndiko inakoanzia, kwa hiyo ukiikuta Tabora imeshapanda.

Ndiyo maana sipangi miji hapa, napanga bidhaa. Nimeanza na zile ambazo ukijua pa kununua unabaki na pesa ya maana mfukoni, nikamalizia na zile ambazo hata uzunguke vipi, unafuu ni mdogo.

1. Dagaa

Pa kwanza ni mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Kibirizi au Katonga. Pa pili ni soko la Mwanga au Ujiji, kwa anayetaka kiasi kidogo cha nyumbani. Tabora inakuja ya tatu, kwa mbali.

Dagaa wana kalenda yao na haifanani na ya ukutani. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hukaa ufukweni na bei hupanda. Anayenunua gunia la kupeleka mbali asubiri giza lirudi. Halafu kuna mapumziko ya ziwa lenyewe: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho dagaa wanaouzwa ni wa akiba, na bei anaipanga mwenye akiba. Tangazo la kufunga likitoka, nunua mapema. Zikianza wiki za mwisho kabla ya kufunga, kila mtu anakuwa amekumbuka.

Kuhusu ubora, usidanganywe na dagaa wa juu. Ingiza mkono hadi chini ya ndoo au gunia, toa konzi moja, isugue kwenye kiganja kisha uifungue. Mchanga ukibaki kiganjani, hao walianikwa chini na sehemu ya kilo unayolipia ni ufuo wa ziwa. Walioanikwa kwenye chanja huacha vumbi kidogo la magamba tu. Masika uwe makini zaidi, kwa sababu dagaa wakinyeshewa wakati wa kuanikwa hugeuka njano na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha.

Muuzaji mzuri hakasiriki ukipekua. Pale Kibirizi niliwahi kumsikia mteja akiuliza, "Mama, hawa wa chanja kweli?" Akajibiwa, "Mwanangu, tafuna mmoja. Ukisikia kokoto, ondoka na hela yako." Tafuna. Hakuna mzani unaoshinda meno.

Ukiwa Tabora kuna tahadhari ya ziada. Dagaa wa Ziwa Victoria wanafika pale kwa urahisi, na ni wa bei ya chini. Si wabaya, ila si hao. Tatizo ni pale wanapochanganywa au kubatizwa jina la Kigoma kisha wakauzwa kwa bei ya Kigoma. Weka konzi mbili pembeni kwa pembeni: wa Kigoma ni weupe zaidi, wanang'aa, na hawana ule uchungu ukiwatafuna. Muuzaji akisema hana aina nyingine ya kulinganisha, pitia meza ya jirani.

2. Asali

Hapa Tabora haina mpinzani. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui ndiyo inayoupa mkoa jina. Pa kwanza pa kununua ni kwa vikundi na vyama vya wafugaji nyuki vinavyofungasha wenyewe, hata kama bei yao inaonekana iko juu kidogo. Pa pili ni sokoni Tabora mjini, kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Asali ya dirishani kwenye treni naiweka mwisho. Siyo kwamba yote imechakachuliwa. Ni kwamba treni ikiondoka huna wa kumdai.

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni la kipimo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 28, wala si 20. Mmoja akikutajia bei ya lita na mwingine bei ya kilo, hamjaanza kulinganisha. Tuseme mmoja anauza lita kwa shilingi 14,000 na mwingine kilo kwa 11,000. Wa pili anaonekana rahisi, lakini ukigawa 14,000 kwa 1.4 unapata 10,000 kwa kilo. Wa kwanza ndiye rahisi.

Na lile jaribio la njiti ya kiberiti, watu waliache. Njiti ikiwaka inakwambia haina maji mengi; haikwambii kama ndani kuna sukari ya kuchemsha. Asali kuganda nako si ushahidi wa uchakachuaji, asali halisi nyingi huganda. Mimi naangalia moshi: asali yenye harufu kali ya moshi ilirinwa kwa kuchoma hovyo, na mara nyingi imeivishwa pamoja na majivu na nyuki wake.

3. Mchele

Tabora kwanza, hasa mashineni, upande wa Nzega na Igunga. Kigoma ina mpunga wake, bonde la Luiche halijalala, lakini mahitaji ya mji ni makubwa na mchele mwingi wa madukani umekuja kwa lori au behewa.

Mwezi una uzito kuliko mji. Mavuno yakiingia katikati ya mwaka bei hulegea, kisha hupanda taratibu hadi kufikia Januari na Februari, wakati ghala zimepungua na wazazi wanahangaika na ada. Mwenye nafasi ya kuhifadhi anunue mpunga Julai na kukoboa kadiri anavyokula. Hesabu yake ni hii: gunia la kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele. Chukua bei ya gunia, ongeza kukoboa na usafiri, gawa kwa 60 ili usijidanganye. Ikitoka chini ya bei ya kilo dukani, nunua.

Kilo zihesabiwe kwa mzani, siyo kwa gunia lililofumwa kichwa. Lumbesa inamuumiza mkulima zaidi, lakini hata mnunuzi hajui amepata nini mpaka apime. Uliza pia kama mchele ni wa mwaka huu. Mpya unanukia na unataka maji machache; wa zamani unachambuka na kujaza sufuria. Kwa pilau ya shughuli nachagua wa zamani bila kuomba radhi.

4. Mawese na maharage

Vyote viwili ni vya Kigoma. Maharage tafuta ya Kasulu, Buhigwe au Kibondo, na ukipata ya njano chukua, yanaiva haraka na kuokoa mkaa. Maharage ya zamani yana ngozi iliyokunjamana na yatakumalizia moto wote wa mchana.

Mawese yananunuliwa kwa dumu, na adui yake ni maji. Omba kijiko kimoja kipashwe moto mbele yako. Yakirukaruka na kupiga kelele, yana maji, na hayatakaa. Anayeyapeleka Tabora kuuza ajue kwamba soko lipo lakini dogo, kwani jikoni za Tabora zimezoea alizeti ya Singida. Wanaotafuta mawese kule ni wenyeji wa Kigoma waliokumbuka kwao.

5. Sukari, ngano, sabuni na vya dukani

Tabora inashinda, kwa sababu iko karibu zaidi na pwani. Tofauti ya kilo moja ni ndogo, haikutoi Kigoma. Kinachosaidia ni kununua kwa jumla, majirani wanne mkagawana mfuko. Sukari inaweza kuvuruga hesabu zote, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024 mvua zilipozuia viwanda kuvuna miwa na Bodi ya Sukari ikalazimika kutangaza bei elekezi kwa kila kanda. Kipindi kama hicho duka rahisi ni lile lenye sukari.

6. Petroli na dizeli

Naiweka huku chini ingawa ndiyo inayolalamikiwa zaidi, kwa kuwa nafasi ya kuchagua ni finyu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, na hakuna sheli inayoruhusiwa kuvuka hapo. Bei ya wilaya yako unaipata kwa simu yoyote kupitia *152*00#. Kuuza chini ya kikomo kunaruhusiwa, kwa hiyo angalia bango kabla ya kuingia. Shilingi kumi au ishirini kwa lita hutokea pale sheli mbili zinapotazamana.

Kigoma kwa kawaida huwa juu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita, na Tabora iko katikati. Hiyo ndiyo gharama ya barabara, na ndiyo hiyo hiyo iliyojificha ndani ya sabuni na ngano za namba tano. Kwa anayesafiri kutoka Dodoma kuelekea ziwani, ushauri ni mwepesi: jaza tenki Tabora. Tofauti ikiwa shilingi 100 kwa lita, tenki la lita 60 linakuachia 6,000. Kutoka Kigoma kwa makusudi kufuata petroli ya bei nafuu ni kuichoma njiani.

Petroli ya chupa vijiweni ndiyo ghali kuliko zote. Chupa ya soda haina alama ya Wakala wa Vipimo, na ndani hujui kimechanganywa nini. Bodaboda akiishiwa porini sawa, hana namna. Mjini hapana.

7. Gesi ya kupikia

Hii haina bei kikomo, kwa hiyo kuzunguka maduka matatu kunalipa kidogo. Linganisha kwa kilo. Tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 25,000 na wa kilo 15 kwa 58,000: mdogo ni kama 4,170 kwa kilo, mkubwa ni kama 3,870. Mkubwa ni nafuu, ila unataka pesa yote kwa mkupuo, na kwa wengi hapo ndipo hesabu inapogoma.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tabora vijijini, ambako mkaa unatoka msitu wa jirani, gesi bado itashindwa kwa bei tupu. Mjini Kigoma, kwa familia inayonunua mkaa kwa kopo kila siku, gesi inaweza kushinda. Jumlisha makopo ya mwezi mzima kabla ya kukataa. Na mtungi ukiletwa, upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe, karibu na shingo: toa huo, kinachobaki ndicho ulicholipia.