Tathmini ya mafunzo ya kusoma vyanzo vya utafiti, Mwanza

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku moja ya kusoma vyanzo vya utafiti katika kituo cha kujisomea kilichopo katikati ya jiji la Mwanza, kwa kuwa naandaa pendekezo la utafiti kuhusu usalama wa vyombo vya majini. Ada ni shilingi 20,000, chai na vitumbua vikiwemo.

Thamani yote ya siku ile ilikuwa asubuhi. Mkufunzi alitugawia maandishi kadhaa kuhusu kuzama kwa meli ya abiria ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, akatutaka tutafute idadi ya waliopoteza maisha. Andiko moja lilitaja zaidi ya 800, jingine likakaribia 1,000, na wengi wetu tukaelekea kwenye idadi iliyorudiwa mara nyingi. Alitukatalia, akamwambia kila mmoja afuate tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo, hadi zinakoishia. Ndipo tulipogundua kwamba maandishi matatu tuliyoyahesabu kuwa mashahidi watatu yalikuwa yamenakili chanzo kimoja. Kisha akatuonyesha mzizi wa tofauti hiyo: orodha ya abiria iliwahusu wa daraja la kwanza na la pili, ilhali wa daraja la tatu hawakuorodheshwa, hivyo mwandishi anayetaja idadi kamili bila kueleza ameipataje lazima aulizwe, hata awe na cheo gani. Nimekulia Kirumba, hapa Mwanza, nikiusikia msiba ule ukitajwa nyumbani tangu utotoni, wala sikuwahi kuuliza hesabu ile ilitoka wapi.

Mchana ulinivunja moyo. Masimulizi ya mdomo yalipewa dakika ishirini tu, na mkufunzi akasisitiza kwamba nyaraka za ofisi zipewe uzito kuliko kumbukumbu za watu. Hapo sikubaliani naye kabisa: abiria wa daraja la tatu hayumo katika orodha, bali yumo katika kumbukumbu ya ndugu aliyemsindikiza bandarini Bukoba au Kemondo, na kumbukumbu hiyo nayo ina namna yake ya kupimwa, ambayo hatukufundishwa. Nakala tulizopewa pia zilikuwa hafifu, tanbihi zenyewe zikisomeka kwa shida.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayeanza kuandika pendekezo, ninayapendekeza. Aende na rejea zake mwenyewe, maana mkufunzi hukubali kuzipitia wakati wa mapumziko, nami alinifutia mbili.