Duka la vyombo la Arusha linalonifungia mizigo: maoni ya winga wa Moshi

Nauza hotipoti, chupa za chai, sufuria na seti za sahani, lakini ukiingia nyumbani kwangu hapa Majengo, Moshi, hukuti hata kimoja cha kuuza. Mteja anachagua kwenye katalogi yangu ya WhatsApp, analipa kwa Lipa Namba, nami napeleka oda kwenye duka la jumla Arusha. Wao wanafunga mzigo na kuufikisha stendi, mteja anaupokea Moshi mjini, Himo, Marangu au Mkuu Rombo. Vijana wa mtandaoni wanaiita dropshipingi. Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, huu ni uwinga wa siku zote, yaani kuuza mali ya duka la mtu na kubaki na cha juu ulichoongeza kwenye bei; tofauti ni kwamba huu unafanyika kwa mbali. Wadada wengi wenye mtaji mdogo wananiuliza waanzie wapi, na mimi huwaambia watafute kwanza mwenye duka wa kumwamini, picha na matangazo vitafuata. Ndiyo maana naandika kuhusu duka hili.

Jina lake siliweki. Mama mwenye duka ameniomba hivyo, kwa sababu anafanya kazi na mawinga wachache anaowamudu, na namwona yuko sahihi. Liko Arusha mjini, upande wa Soko Kuu, stoo ikiwa nyuma ya duka. Kwa kulitazama halina ajabu: mabeseni mlangoni, rafu hadi darini, kijana wa stoo juu ya ngazi, mashine ya risiti kwenye kaunta.

Ukitaka kumpima mwenye duka, mwagize chupa ya chai. Chupa nyingi zinazopendwa huku kwetu zina kioo ndani, na kioo hicho kimewafukuza wengi kwenye biashara hii. Barabara ya Arusha hadi Moshi ni lami, kama kilomita 80, haina neno. Neno liko kwenye buti la Coaster, ambako katoni yako inaweza kulaliwa na gunia la viazi kuanzia Tengeru mpaka Bomang'ombe. Duka hili huitoa chupa kwenye boksi, wanaitikisa karibu na sikio kusikiliza kama kuna vipande, wanafungua kifuniko na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Kisha inarudi kwenye boksi, boksi linaingia kwenye katoni kubwa zaidi, magazeti ya zamani yanasindikwa pembeni zote, na selotepu inazungushwa kila upande. Kazi hiyo yote inarekodiwa kwenye video fupi, jina la mpokeaji likionekana limeandikwa kwa maka pen juu ya katoni. Mzigo hautoki dukani kabla video haijanifikia.

Naipeleka kwa mteja vilevile ilivyo. Sisi Watanzania tumechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mtu anayelipia chombo ambacho hajakishika ana haki ya kuogopa. Akiona chupa yake, na jina la mama yake kwenye katoni, hofu inapungua. Maduka mengi hukupa picha nzuri za kwenye mtandao, zile ambazo kila winga anazo. Hapa kijana wa stoo ananipigia picha ya mzigo uliopo rafuni siku hiyo, na rangi anayoiona mteja ndiyo atakayoipokea.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wa nje ya Kilimanjaro hawalijui sana. Wateja wangu wazuri hawaishi Moshi. Wako Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza. Wanamnunulia mama aliyebaki Mwika au bibi aliyeko Rombo. Mnunuzi yuko Mbezi, duka liko Arusha, mimi niko Majengo, chombo kinakwenda Tarakea. Kazi yangu hasa ni kuhakikisha minyororo hiyo haikatiki: kumpigia kondakta, kumjulisha bibi kwamba gari limefika, kumwomba kijana wa bodaboda anayemfahamu ampelekee hadi getini, halafu kumtumia mnunuzi picha ya bibi na hotipoti yake. Cha juu changu ni malipo ya kazi hiyo. Anayedhani ni pesa ya kukaa na simu atachoka mapema.

Kabla ya Arusha nilikuwa nachukua Kariakoo, na bei ya Kariakoo ni nzuri, sitaipinga. Lakini ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi, mzigo unalala njiani, na likitokea la kutokea huwezi kupanda gari asubuhi ukamwone mwenye duka. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara, sisi wa mikoani tuliokuwa na hela za watu mkononi tulipata taabu ya kujieleza. Kuagiza China nako kunataka ununue kwa wingi na usubiri meli, na mteja wa kitchen party ya Jumamosi hasubiri meli. Kwa mwenye laki mbili mkononi, duka la mwendo wa saa mbili lina thamani kuliko punguzo la elfu tatu.

Sasa fedha. Seti ya hotipoti tatu napewa kwa 45,000, nauza 55,000. Kwenye ile 10,000 natoa 3,000 ya gari hadi Moshi na 1,000 ambayo duka linatoza kwa katoni na kufunga. Inabaki 6,000, na bando pamoja na makato ya miamala vikitoka, nashika kama 5,000. Kutoka Moshi kwenda vijijini analipa mteja, na namwambia bei ya gari kabla hajalipa, si baada. Duka halijawahi kunipandishia bei nikiwa nimeshapokea hela ya mteja. Bei ikitaka kupanda, orodha mpya inatumwa kwanza, na oda za siku hiyo zinamalizwa kwa bei ya zamani. Mwenye duka asiyefanya hivyo ukimpata, mkimbie.

Kila oda inakuja na risiti ya mashine. Winga wengi hawaitaki, wanaona ni karatasi tu. Mimi naitunza kila moja kwenye bahasha, na sababu yake ni hii. Kwenye kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Lakini kinachotazamwa ni mauzo, wala si faida. Seti 73 za hotipoti kwa 55,000 zinakuvusha milioni 4, na mfukoni umebaki na laki tatu na sitini na tano. Mtu anayeuza kwa cha juu kidogo anafika kwenye mstari huo akiwa bado mdogo sana. Ukivuka hapo lakini hujapita milioni 7, bila kumbukumbu unakadiriwa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 5 analipa 30,000. Bahasha ya risiti imebeba hiyo tofauti ya elfu sabini.

Kuhusu uhalali kwa ujumla sitachukua muda. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, TRA. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ukiwa na namba ya NIDA, na ada yake haimshindi mtu mwenye nia. Leseni inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Faida niliyoiona haraka ni kwamba mteja akilipa, simu yake inamwonyesha jina la biashara badala ya jina la mtu asiyemjua. Na mama wa Arusha naye alinitaka TIN kabla ya kunipa bei ya winga. Nilimpenda kwa hilo.

Kurudisha mzigo ndiko kunakonifanya nilisifu duka hili mbele ya watu. Kioo kikivunjika njiani, mpokeaji anatakiwa afungue siku hiyohiyo na apige picha selotepu ikiwa bado nzima, kisha apige nyingine chupa ikiwa ndani. Picha hizo zikiwepo, duka linabadilisha, na nauli ya mzigo wa pili tunagawana nusu kwa nusu. Hakuna kubishana wala kusubiri wiki.

Kwa mteja aliyebadili mawazo tu, mwanzoni duka lilikuwa halirudishi. Nilikwenda Arusha nikamweleza mama kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mtandao siku 7 baada ya kupokea mzigo kughairi, yeye akibeba gharama ya kuurudisha.

"Sasa mama, mteja akighairi na wewe hurudishi, mzigo unaniangukia mimi."

Alifikiri, akamwita kijana wa stoo asikie. "Basi na wewe nakupa hizo saba, mwanangu. Ila chombo kisiwe kimeguswa maji."

Ni makubaliano ya haki, na tangu hapo yameheshimiwa. Lakini wewe unayeanza elewa kwamba mteja hamjui mama wa Arusha. Anakujua wewe, na hela alikupa wewe. Unapaswa kumrudishia kwanza, halafu ndipo udai dukani. Kwa hiyo mtaji mdogo ulionao usiumalize kwenye matangazo. Tenga kiasi cha kurudishia oda mbili kubwa na usikiguse hata watoto wakidai daftari. Mimi hicho nakiona ndicho mtaji wenyewe wa biashara hii, kwa sababu bidhaa hununui mpaka mteja amelipa.

Duka lina kasoro, na nitazitaja. Ya kwanza, na inaniumiza, ni kuchelewa kusema mzigo umeisha dukani. Linauza pia kwa wateja wa mlangoni, na mama wa kitchen party akiingia na kikundi chake anaweza kubeba seti zote za rangi ya maziwa kwa mkupuo. Mimi huku nina tangazo la rangi hiyohiyo na mtu ameshalipa. Nimejiwekea utaratibu: naomba kwanza uthibitisho dukani, wananiwekea pembeni kwa saa mbili, ndipo nampa mteja Lipa Namba. Hilo wanalifanya kwa moyo mweupe, ila ukisahau kuuliza, hawakukumbushi.

Jumapili wamefunga na simu haipokelewi, na wateja wa Dar wengi hununua Jumapili wakiwa wametulia nyumbani. Naandika wazi kwenye katalogi kwamba oda za Jumapili zinafungwa Jumatatu.

Desemba ni habari nyingine. Wachagga wanapanda nyumbani kwa Krismasi, kila nyumba inataka vyombo vipya, nafasi ya mizigo kwenye magari inakuwa finyu, na duka linazidiwa. Video zinachelewa, ufungaji unakuwa wa haraka haraka. Katoni mbili za Krismasi iliyopita zilikuja na magazeti machache kuliko kawaida. Zilifika salama, lakini nilimpigia mama nikamwambia, naye hakukasirika. Sasa oda za Desemba naacha kuzipokea tarehe 15, na anayenifuata tarehe 20 namshauri anunue mwenyewe dukani Moshi. Inaniuma kukosa hiyo hela, ila bibi wa Rombo hawezi kuwawekea wageni wa Krismasi chakula kwenye hotipoti iliyokwama stendi.

Kitu kingine cha kuangalia ni chapa. Duka lina chupa za majina makubwa na za majina yasiyojulikana, na bei zake zinaachana sana. Nilimuuliza mama moja kwa moja kama zile za majina makubwa ni halisi. Zile asizokuwa na karatasi zake aliniambia nisizitangaze kwa jina la chapa, nizitangaze kwa ukubwa na rangi. Kwa winga jibu hilo ni muhimu mno, kwa sababu Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia, na mteja akidanganywa ni jina lako ndilo liko kwenye simu yake. Mwenye duka anayekuzuia kuuza uongo anakulinda.

Kwa anayetaka kuingia, duka linapokea winga mpya kwa kujuana: aje mtu anayefanya nao kazi, amtambulishe, aonyeshe TIN na kitambulisho. Oda ya kwanza unaifuata mwenyewe Arusha, uone stoo na jinsi wanavyofunga. Mkopo hawatoi, hata kwangu, na sioni kosa hapo. Oda ya siku ifike na iwe imelipwa kabla ya saa nane mchana ili iwahi magari ya jioni. Ikipita hapo, mzigo unalala dukani na kupanda gari asubuhi.