Filta ya taa ya UV kwa kidimbwi cha samaki: kijani inatoa, mengine usiitegemee

Wenye vidimbwi uani, hii filta ya boksi jeusi yenye pampu na taa ya UV (miale isiyoonekana kwa macho) ndani nimeitumia vya kutosha, wacha nimwage mtama. Niliichukua duka moja mjini Mombasa upande wa Mwembe Tayari, shilingi 9,500 baada ya kuvutana bei. Kidimbwi kiko Kisauni, kipya, hakina kivuli wala mmea, na jua letu mnalijua, maji yakageuka supu ya mchicha samaki huwaoni mpaka waje juu kudai chakula.

Kwa kutoa kijani naipa maksi zote wallahi. Pampu inavuta maji yanapita mbele ya taa, vile vimwani vidogo vinavyoelea vinakufa vinagandana sponji inavidaka, na hazikuisha wiki mbili nikaona kokoto za chini na yule samaki koi mwekundu hadi doa lake la mkiani.

Sasa huyo muuzaji akaniambia ati ukishaifunga hufanyi kitu kingine. Porojo! Mwani wa nyuzi unaoshika kutani taa haiugusi, maana haupiti ndani ya boksi, huo ni wa kung'oa kwa mkono. Amonia, ile sumu ya taka za samaki, nayo taa haina habari nayo, inamalizwa na bakteria wanaokaa kwenye sponji na kwenye mawe, na kidimbwi kikiwa kipya hao huchukua wiki kadhaa kujaa, kwa hivyo maji yanaweza kuwa meupe pee na samaki bado wanaungua matamvua. Nunueni vile vikaratasi vya kupimia, amonia na naitraiti (sumu ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa kwanza) zote zisome sufuri.

Halafu karatasi ya maelezo imeandika suuza sponji kwa maji ya bomba. Usithubutu bana, klorini itaua bakteria wote uanze upya. Chota maji ya kidimbwi kwenye ndoo uikamulie humo, yale machafu mwagia migomba, itakushukuru.

Waya mfupi ajabu. Betri haina, na stima ikipotea usiku ndio balaa kwa sababu usiku mwani nao unavuta oksijeni sawa na samaki, alfajiri unawakuta wote juu wanahema, tafuta kipampu cha hewa cha kuchaji ukae nacho.

Nyota tatu. Kama pesa ni za kubana anza na neti ya kivuli, hata kunguru watakoma, panda mayungiyungi yafunike kama nusu ya maji, na chakula kiwe cha kuisha dakika chache tu. Ukija kuinunua uliza kwanza kama balbu ya spea ipo, maana baada ya kama mwaka hivi nguvu ya UV inaisha hata kama taa bado unaiona inawaka, na pale dukani niliambiwa mpaka waagize.