Kilimanjaro kwa kundi la wanaoanza, njia ya Marangu: lipia siku ya sita

Kwa asiyewahi kupanda mlima, safari za kundi za Marangu zinazouzwa Moshi zina raha moja: hakuna mahema. Unalala kwenye vibanda vyenye vitanda na magodoro, Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720) na Kibo (4,720). Huuzwa za siku 5 au 6. Ya siku 5 ina bei nafuu, na hapo ndipo wengi wanaponasa.

Siku ya ziada hukaliwa Horombo. Asubuhi kundi hupanda hadi Zebra Rocks, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe karibu na mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale. Mwili unaonja hewa nyepesi bila kuilalia. Wa siku 5 hufika Kibo mchana wa siku ya tatu, na saa tano usiku huohuo wanaamshwa kwenda kileleni. Kichwa kinagonga, chakula hakishuki, na wengine hugeuka kabla hata ya Gilman's Point, kituo cha kwanza ukingoni mwa kreta.

Kabla ya kulipa, uliza waongozaji wasaidizi ni wangapi. Mtu akizidiwa njiani usiku, msaidizi mmoja hushuka naye. Wasaidizi wakiwa wachache mno, wazima nao hushuka. Mwongozaji anayejua kazi humtanguliza mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Anayekimbizana na wenye mbio ataliacha kundi vipandevipande.

Usiku wa kilele ni mita 1,175 za kupanda, nyingi kwenye changarawe inayokurudisha nusu hatua. Kutoka Gilman's (5,685) hadi Uhuru, kilele chenyewe (5,895), bado kuna saa moja na nusu hadi mbili. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini: barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo hushika kitako na mdomo unabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji huganda mapema. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani. Jinzi na fulana za pamba ziache Moshi, zikilowa jasho hazikauki.

Taa ya kichwani ya kukodi iwashe palepale dukani. Buti usikodi kabisa, nunua na uzivae wiki kadhaa kabla. Kibo usitegemee kuoga, maji hubebwa na wagumu (wapagazi) kutoka chini. Mzigo wa mgumu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, na bakshishi yao kwa kawaida haimo kwenye bei uliyotajiwa.