Lushoto kwa Miguu: Njia za Irente na Magamba
Kwa mtembeaji wa peke yake anayetaka kuunganisha njia kadhaa za Milima ya Usambara kwa siku moja, Lushoto ni mahali ninapopapendekeza bila kusita, ilimradi aanze alfajiri. Njia ya Irente, inayopita kati ya mashamba na makazi ya watu, haihitaji nguvu nyingi. Huishia kwenye ukingo wa mwamba ambapo tambarare ya Mazinde huonekana chini kabisa, na kwa maoni yangu mandhari hayo yanavizidi vilele vingi vilivyo virefu zaidi. Shamba la Irente, lililo njiani, huuza mkate, jibini na jemu, chakula kinachotosha kumfikisha mtu jioni. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba ina kiingilio, ina baridi, na ina mbega. Humo mwongozaji mwenyeji, hata kwa mtu apendaye upweke, ana faida kuliko ramani ya simu, kwa kuwa vijia vya msituni hufanana mno. Wakati wa masika udongo huteleza, hivyo viatu vyenye soli za meno ni vya lazima, hata kwa Irente.