Kotanjenti: ugawe 1 kwa tan au cos kwa sin?

Kalkuleta nyingi hazina kitufe cha cot (yaani kotanjenti, uwiano wa pembe kama sin, cos na tan) kwahiyo lazima uchague njia, na mimi nasema wazi cos gawanya kwa sin ndo njia ya kuizoea kwanza.

Ile ya 1 gawanya kwa tan ni ya haraka, hilo halina ubishi. Pembe ya nyuzi 35, tan yake ni 0.7002, ukigawa 1 kwa hiyo unapata 1.428 basi umemaliza. Ila angalia sana kile kitufe cha tan chenye -1 juu yake, watu wengi wanakibonyeza wakidhani ndo kotanjenti kumbe chenyewe kinakurudishia pembe, ni kitu tofauti kabisa!

Sasa jaribu nyuzi 90 uone. Tan ya 90 haipo, kalkuleta inaandika "Error" (kosa), na mwanafunzi anaandika kwenye karatasi kwamba cot ya 90 nayo haipo, wakati ukienda na cos na sin ni 0 gawanya kwa 1, jibu 0, safi kabisa. Halafu hata alama ya kutoa inajionyesha yenyewe, mfano nyuzi 150 cos ni −√3/2 na sin ni 1/2, zile mbili za chini zinakatana unabaki na −√3, hukugusa kalkuleta hata kidogo.

Nyuzi 0 zote mbili zinagoma, na hapo ni sahihi maana kotanjenti yenyewe haipo.