Kamera mbili tatu kwenye gari moja, umeme uvute wapi? Nimepanga kuanzia ya kununua mpaka ya kukwepa

Madereva wengi wa teksi za mtandaoni kama Bolt sikuhizi wanataka kamera tatu, ya mbele, ya abiria na ya nyuma, halafu gari lina soketi moja tu ya laita na hiyohiyo ndo inachaji simu yenye ramani. Basi mtu anaenda Kariakoo ananunua kile kigawio cha soketi tatu, anachomeka kila kitu, wiki ya kwanza poa, wiki ya pili kamera ya nyuma inazima na kuwaka yenyewe na we hujui. Yangu ilifanya hivyohivyo, boda kanigonga nyuma pale Mwenge, naenda kutoa memori kadi nakuta klipu ya mwisho ni ya masaa mawili kabla. Iliniuma sana.

Kwanza hesabu, ndogo tu. Kamera nyingi zinatumia volti 5, ampia 1 mpaka 2 hivi, zile za 4K, za picha kali zaidi, ndo ziko juu. Tatu kwa ampia moja na nusu kila moja ni 4.5A, yaani wati 22 na kitu. Soketi ya laita haina shida na hilo, fyuzi yake mara nyingi ni 10A au 15A, na hata hiyo ya 10 kwa volti 12 ni wati 120. Kinachofeli ni chaja inayoshusha 12V kuwa 5V. Imeandikwa 3.1A unadhani ni kila tundu, kumbe ni jumla ya matundu yote, na zile za bei ya soda hata hapo hazifiki.

Namba moja kwangu ni kuvuta kwenye kisanduku cha fyuzi. Kila kamera inakuwa na seti yake ya waya yenye kile kiboksi cha kushusha umeme, halafu waya zote za ACC, yaani moto unaokuja ukiwasha swichi tu, mara nyingi nyekundu, zinaungwa pamoja zinaingia kwenye fyuzi tapu moja (kile kichomeko kinachokaa nafasi ya fyuzi na kutoa njia ya pili), zile za moto wa muda wote, mara nyingi njano, kwenye tapu nyingine, na nyeusi zinabanwa kwenye nati iliyoshika bodi. Kiboksi kimoja kikifa kamera zingine zinaendelea kurekodi na soketi inabaki ya simu. Kamera tatu hazifiki hata ampia 3 upande wa 12V, kwa hiyo fyuzi ya 5A inatosha kwenye tapu. Ila chomoa fyuzi yako uende nayo dukani maana saizi ziko nyingi, na mwambie fundi asiguse fyuzi ya eabegi, ya breki za ABS wala ya kompyuta ya injini, achukue ya redio au laita. Na kama nguzo ya kioo ina eabegi, waya upite nyuma yake, usipite juu yake.

Hapa usibane hela: nunua seti inayokata umeme betri ikishuka. Mi naweka 12.2V, maana betri ya kawaida ikiwa imetulia hapo imebaki kama nusu. Kamera mbili zinazolinda gari likiwa limepaki, tuseme wati 5 kila moja, toka Ijumaa saa moja jioni mpaka Jumapili saa moja asubuhi zinakunywa 30Ah (ampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Betri ya 45Ah hapo haipigi stata, utaita watu wasukume.

Namba mbili, na kama hujanunua kamera bado basi kwako hii ndo namba moja: kamera moja yenye macho matatu. Ya nyuma inapata umeme kutoka kwenye kichwa cha mbele so unafunga seti moja tu. Ubaya kichwa kikifa zote zimekufa, na kwa Hiace pima kwanza na kamba kupitia darini, waya wa nyuma unaweza usifike.

Namba tatu, chaja nzuri ya laita ambayo kila tundu limeandikwa ampia zake. Inamtosha anayelaza gari ndani ya geti. Wa Fuso na mabasi, hakikisha imeandikwa 12–24V la sivyo unaiunguza siku hiyohiyo.

Namba nne ni betri ya pembeni ya LiFePO4, aina ya lithiamu, kama za BlackVue au Cellink. Inajichaji ukiwa njiani na usiku kamera zinakula kwake, betri ya gari haiguswi. Ni nzuri kweli, bei tu ndo imeirudisha huku. Usiweke pawabenki badala yake, kwa jua la Dar juu ya dashibodi ni hatari.

Waya za kuchomeka OBD, lile tundu ambalo fundi anachomeka mashine ya kupima gari, siweki juu, lina moto muda wote na pengine tayari lina traka. Kigawio cha soketi tatu kisicho na jina ndo cha mwisho kabisa.

Ukishafunga, endesha saa nzima usiku, taa, AC na simu vyote vikiwa vimewashwa, kisha toa kadi zote uangalie muda wa kila klipu. Ukikuta pengo badilisha waya wa USB kwanza, ile mirefu myembamba inapoteza volti njiani, kabla hujaanza kulaumu kamera.